Ndege Mvumaji na Uvumi: Ni Lini Nina Haki ya Kusema "Nimeona"?



Leo nataka tukae na swali moja ambalo walimu wa falsafa hulipenda sana, lakini na wewe unakutana nalo kila siku ukiwa na simu mkononi: ni lini nina haki ya kusema "nimeona"? Si "nimesikia", wala si "nadhani". Nimeona. Neno hilo ni zito kuliko tunavyolichukulia. Mahakamani linaweza kumfunga mtu au kumwachia huru. Kwenye grupu la WhatsApp linaweza kumfanya mtu asikanyage tena kanisani. Na imani yetu yenyewe tumeipokea kutoka kwa watu waliosema tumeona.

Swali hili nitalipitia kwa njia ya ndege. Usicheke kwanza. Ni ndege mdogo anayeitwa ndege mvumaji. Wengine humwita kolibri, na wengi wetu tumezoea jina lake la Kiingereza. Ameitwa mvumaji kwa sababu mabawa yake hupiga kwa kasi kubwa mpaka yanatoa sauti kama ya nyuki. Sasa angalia Kiswahili chetu kilivyo: kitenzi hichohicho, kuvuma, ndicho kilichotupa neno uvumi. Mvumo wa bawa na habari isiyo na mwenyewe vimetoka kwenye mzizi mmoja. Vyote viwili unavisikia kabla hujaona kitu. Kazi inaanza hapo: ukishasikia, unafanya nini?

Kwanza tuliweke sawa jina

Huku kwetu Afrika Mashariki hakuna ndege mvumaji porini. Hakuna hata mmoja. Jamii yake yote, yenye spishi zaidi ya 350, inaishi mabara ya Amerika tu, kuanzia Alaska kule kaskazini hadi ncha ya kusini ya Chile na Argentina. Wengi wao wako nchi za joto, hasa kwenye milima ya Andes. Kolombia peke yake ina spishi zaidi ya 150.

Yule mdogo anayemetameta unayemwona kwenye maua ya mshubiri au ya mgomba nyuma ya parokia ni chozi. Kweli wanafanana. Wote ni wadogo, wote wana mdomo mrefu, wote hunyonya utamu wa maua. Ila chozi kwa kawaida hutua kwenye tawi au kwenye ua lenyewe ndipo anywe; kuelea hewani hufanya mara chache na kwa muda mfupi. Ndege mvumaji husimama hewani mbele ya ua kama kitu kilichotundikwa kwa uzi, na anaweza hata kuruka kinyumenyume. Kiukoo wako mbali kabisa. Chozi yuko kundi moja na shomoro, wakati ndugu wa karibu wa ndege mvumaji ni teleka, wale wanaoshinda angani wakikimbiza wadudu. Kazi moja imewafanya wafanane sura, lakini hawana ukoo mmoja.

Vijana wengi tumemjua ndege huyu kupitia kwa Wangari Maathai, mama yetu wa Kenya aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alipenda kusimulia hadithi ya ndege mvumaji anayebeba maji tone kwa tone ili kuzima moto wa msitu, huku wanyama wakubwa wamesimama wakitazama. Hadithi hiyo inahusishwa na watu wa Amerika ya Kusini, na ni nzuri sana. Basi mtu akishaisikia, akatoka nje, akamwona chozi kwenye ua, anasema: huyu hapa! Hapo hakuna dhambi, na hakuna aliyeumia. Lakini tumeona jinsi akili inavyofanya kazi. Jina tunalo tayari kichwani. Tunangoja tu kitu cha kulibandika.

Ndege wa Santa Marta

Kaskazini mwa Kolombia kuna safu ya milima inayoitwa Sierra Nevada de Santa Marta. Imejitenga na milima mingine, na inapanda kutoka ufukwe wa Karibi hadi zaidi ya mita 5,700, kilomita kama 40 tu kutoka baharini. Kwa sababu ya kujitenga huko, kuna ndege wanaoishi pale na si pengine popote duniani. Mmoja wao ni ndege mvumaji ambaye wanasayansi wanamwita Campylopterus phainopeplus. Jina lake la kawaida lina maana ya "bawa-upanga wa Santa Marta", kwa sababu dume ana manyoya ya pembeni mwa bawa yenye shina nene lililopinda kama upanga. Mimi hapa nitamwita bawa-upanga.

Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1879. Mwaka 1946 alipatikana, kisha kimya kirefu. Mwaka 2010 akapigwa picha, kisha kimya tena. Mwaka 2021 aliwekwa kwenye orodha ya ndege 10 waliopotea ambao wanatafutwa zaidi duniani. Halafu Julai 2022, Yurgen Vega, mtazamaji ndege mzoefu wa Kolombia, alikuwa kwenye kazi ya kuchunguza ndege wa milima ile. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa tayari anaondoka pale alipofanyia kazi, ndipo ndege mvumaji mmoja akamvuta macho. Akachukua darubini. Alikuwa ni yeye.

Sasa swali letu: alijuaje?

Bawa-upanga dume ni mkubwa kwa kipimo cha ndege wavumaji, kama sentimita 13 hivi. Mwili wake ni wa kijani kama zumaridi, koo na kifua vya bluu inayong'aa, mdomo umepinda kidogo kuelekea chini. Ukisikia hivyo unaweza kusema, basi, rahisi. Tatizo ni kwamba kwenye milima hiyohiyo anaishi binamu yake, Campylopterus falcatus. Naye ni mkubwa. Naye ni wa kijani. Naye ana koo la bluu na mdomo uliopinda. Mahali pa kuwatofautisha ni mkia. Mkia wa binamu una rangi ya kahawia yenye wekundu. Mkia wa bawa-upanga wa Santa Marta ni wa bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Kama umeona koo tu, bado hujamwona.

Na hata hilo koo lina mtego wake. Ile bluu haikutokana na rangi iliyopakwa kwenye manyoya. Ndani ya manyoya kuna matabaka madogo sana yanayorudisha mwanga kwa namna fulani. Mwanga ukija kwa pembe moja, koo linawaka bluu. Ndege akigeuza kichwa kidogo tu, koo lilelile linakuwa jeusi. Kwa hiyo watu wawili waliosimama hatua chache mmoja na mwenzake wanaweza kumtazama ndege mmoja kwa wakati mmoja, huyu akasema ana koo la bluu, yule akasema jeusi, na wote wawili wakawa wakweli.

Ndiyo maana watazamaji wazuri hawaanzi na jina. Wanaandika kwanza: saa ngapi, wapi, urefu gani kutoka usawa wa bahari, jua liko upande gani, mdomo ukoje, mkia ukoje, ndege anafanya nini. Jina linakuja mwisho. Kama alama hazitoshi, wanaandika "ndege mvumaji, hakutambulika", wanafunga daftari, wanarudi nyumbani na njaa yao. Ndege wa Vega alitua kwenye tawi, akawa anatoa sauti, muda wa kutosha kupigwa picha na video. Hivyo wengine nao wakaweza kuangalia alichokiona.

Usidhani ni ubishi wa wataalamu tu. Bawa-upanga amewekwa kwenye daraja la ndege walio hatarini kabisa kutoweka, kwani misitu mingi ya milima ile imekatwa kwa mashamba na malisho. Mtu akimwona binamu, akaandika "nimemwona bawa-upanga", na mwingine akafanya hivyo, na mwingine, tutaamini ndege yuko wengi na mahali pengi, kumbe sivyo. Tutalinda msitu ambao hayumo na kuuacha ule alimo. "Nimeona" ya uongo, hata iliyosemwa kwa nia njema, inaweza kumuua asiyejua hata kama ametajwa.

Jicho, akili na kinywa

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ukweli ni kupatana kwa akili na kitu chenyewe. Nilipolisikia fundisho hili mwaka wa kwanza wa falsafa niliona ni jambo dogo. Sasa naona uzito wake uko kwenye kile ambacho hakikutajwa. Ukweli si kupatana kwa akili na tamaa yangu. Wala si kupatana kwa akili yangu na akili za watu wengi kwenye grupu. Aliyetembea miaka akimtafuta ndege mmoja anatamani mno kumwona, na hiyo ndiyo hatari yake kubwa. Tamaa ina uwezo wa kupaka mkia rangi. Na mwenye chuki na mtu fulani anatamani vilevile, ila yeye anatamani kuona ubaya.

Katika kila "nimeona" kuna mambo matatu. Jicho limepokea. Akili imehitimisha. Kinywa kimetangaza. Tunazoea kuyafunga pamoja kama kitu kimoja, kumbe kila moja lina wajibu wake. Jicho langu limepokea kitu cha kijani kinachopita. Akili imehitimisha ni ndege gani. Kinywa kinawaambia watu. Nikikosea, mara nyingi jicho halina kosa. Kosa liko katikati.

Kiswahili kimetupa vifaa vya kutenganisha mambo haya. Tuna "nimeona", tuna "nadhani", tuna "inasemekana", na tuna kale kaneno kadogo, "eti". Mimi nakaheshimu sana "eti". Ni neno la uaminifu. Linamwambia msikilizaji kwamba habari hii si yangu, nimeipokea tu, ipime mwenyewe. Sasa angalia inavyokuwa. Wa kwanza anasema: eti alionekana mahali fulani. Wa pili anasema: alionekana mahali fulani. Wa tatu anasema: tumemwona mahali fulani. Hakuna aliyeona kwamba ameongeza kitu. Walianza kwa kudondosha herufi tatu njiani, na uvumi ukawa ushahidi.

Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi tunadhani tumeshika amri hii kwa kuwa hatutungi uongo. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inakwenda mbali zaidi. Inataja hukumu ya haraka: kukubali kwamba jirani ana kosa bila msingi wa kutosha, hata kama ni kimoyomoyo tu. Umeona? Hata kabla kinywa hakijafunguliwa. Dhambi inaweza kuanza pale akili ilipobandika jina kwa sababu ya koo tu.

Mlango wa gesti

Sasa tuondoke milimani, turudi kwetu. Nitawasimulia jambo moja ninalolijua, na sitasema ni wapi wala lini.

Kuna binti mmoja alikuwa mweka hazina wa kikundi cha vijana. Mwaminifu, daftari lake safi, shilingi haipotei. Jioni moja alionekana akitoka kwenye gesti karibu na stendi, pamoja na mwanamume mtu mzima. Mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara akampiga picha. Usiku uleule picha ikaingia kwenye grupu, bila maneno, na alama tatu za mshangao chini yake. Asubuhi maneno yalikuwa mengi. Wiki iliyofuata aliombwa akabidhi daftari la michango, eti ili kupisha maneno.

Yule mwanamume alikuwa mjomba wake. Alitoka kijijini kuja kliniki hospitalini, na nyumbani kwa kina binti hapakuwa na nafasi ya kulala. Binti alikuwa amempelekea chakula cha jioni. Na kwenye picha ileile, ukiikuza kidogo, hotpoti inaonekana mkononi mwake.

Hakuna aliyeikuza.

Miezi kadhaa baadaye nilizungumza naye. Hakuwa analia. Aliniambia, "Frateri, mimi hata sijui nimlaumu nani. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alisema nilionekana gesti, na kweli nilionekana." Nimelibeba neno lake hilo hadi leo. Mlango ulikuwa wa kweli. Jioni ilikuwa ya kweli. Mwanamume alikuwa wa kweli. Hilo lote lilikuwa koo la bluu. Hotpoti ndiyo ilikuwa mkia.

Najua kuna msomaji atauliza: na kama asingekuwa mjomba? Swali zuri, tusilikimbie. Hata kama binti angekuwa na kosa la kweli, nani alitoa ruhusa litangazwe mbele ya watu 200? Kanisa linafundisha kwamba kufichua kosa la mtu kwa wasiolijua, bila sababu ya haki, nako ni dhambi dhidi ya jina lake jema. Ukweli wa habari peke yake hautupi haki ya kuisambaza. Kwa hiyo tusimtetee binti huyu kwa sababu tu alikuwa hana hatia. Alistahili kulindwa hata kabla hatujajua.

Soma sura ya 13 ya kitabu cha Danieli, habari za Susana. Wazee wawili wanaoheshimika walimshtaki, na mkutano ukawaamini kwa sababu ya umri na cheo chao. Susana alikuwa anapelekwa kuuawa. Kijana Danieli akasimama, akawatenganisha wale wazee, akamuuliza kila mmoja swali moja tu: ulikuwa mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti ule. Kwa swali hilo mwanamke akapona. Danieli hakuhitaji elimu kubwa. Aliuliza kuhusu mkia. Na angalia kwamba alikuwa kijana, umri wenu ninyi mnaosoma hapa.

Kwa hiyo tunyamaze?

Hapana. Hapa naomba mnielewe vizuri sana, kwa sababu maneno niliyosema yanaweza kutumiwa vibaya na watu wanaotaka maovu yafichwe.

Vega hakunyamaza. Angeogopa kukosea, akaweka picha zake kabatini, pasingekuwa na hatua ya kumtafuta na kumlinda yule ndege. Tahadhari ikipita kiasi inageuka woga unaojiita unyenyekevu. Ukimwona mtoto anaumizwa, ukaona mkono wa mtu mzima mahali usipopaswa kuwa, usikae unangoja uhakika wa mia kwa mia. Sema siku hiyohiyo. Sema ulichokiona hasa: nilikuwa hapa, saa hii, nikaona hivi. Huhitaji kumpa mtu jina la kosa lake. Kazi hiyo ina wenyewe. Maelezo yako yakiwa sahihi na ya kiasi, yana nguvu kuliko kelele.

Tofauti kubwa ni unampelekea nani. Mwambie mtu mwenye uwezo wa kumlinda anayeumia: mzazi, kiongozi unayemwamini, ofisi ya ustawi wa jamii, polisi. Kama wa kwanza anakupuuza, nenda kwa wa pili. Grupu la watu 200 haliwezi kumlinda mtu. Lina uwezo wa kutazama tu.

Na kama tumeshakosea? Kuna habari nyingine ya ndege mvumaji inayonifundisha hapa. Mwaka 1909, kule Bogotá, mtawa wa shirika la Ndugu wa La Salle aliyeitwa Nicéforo María alinunua ngozi ya ndege mvumaji asiyefanana na yeyote aliyejulikana. Mwaka 1993 mtaalamu Gary Graves akaieleza ngozi hiyo moja kuwa ni spishi mpya, akaipa jina. Mwaka 2010 uchunguzi wa vinasaba ukaunga mkono kwamba ni spishi ya kweli. Baadaye uchunguzi zaidi ukawaelekeza wataalamu kuona kwamba alikuwa chotara wa spishi mbili tofauti, na jina likaondolewa kwenye orodha. Nilichopenda ni namna lilivyoondolewa. Lilitolewa hadharani pamoja na sababu, likafutwa hadharani pamoja na sababu.

Sisi je? Tunatangaza kwa watu 200, kisha tunasahihisha kwa kunong'ona kwa wawili. Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba kosa dhidi ya ukweli na haki linadai malipizi, hata kama mkosaji ameshasamehewa. Ukienda kuungama, Padre anakuondolea dhambi. Lakini jina la jirani ulilolichafua bado liko chini palepale, na ni wewe unayepaswa kwenda kuliokota. Kama uliandika kwenye grupu, sahihisha kwenye grupu. Mpaka ninapoandika haya, kwenye grupu lile hakuna aliyeandika neno kuhusu hotpoti. Daftari linashikwa na mwingine. Binti anasali Misa ya kwanza, anakaa nyuma, anatoka kabla ya matangazo. Kama kuna yeyote kati yenu aliye na ujumbe wa namna hiyo kwenye simu yake, usingoje Kwaresima.

Amepotea machoni pa nani?

Neno moja zaidi. Kati ya mwaka 2010 na 2022 tulisema bawa-upanga amepotea. Amepotea kwa nani? Yeye alikuwa msituni kwake, ananyonya maua, anaimba, anazaa. Milima ile ina wenyeji wake, Waarhuaco, Wakogi, Wawiwa na Wakankuamo, nasi hatujui ni mara ngapi amepita juu ya vichwa vyao. Alipotea kwenye orodha zetu tu. Bwana wetu alisema kwamba hata shomoro mmoja haanguki chini bila Baba. Mungu hakuwahi kumpoteza yule ndege. Wala hakuhitaji kukuza picha ili aione hotpoti.

Ukikumbuka hilo, unakuwa mpole. Mimi namwona jirani yangu kutoka pembe moja, kwa mwanga wa saa moja. Mungu anamwona mzima.

Na Maria Magdalena atufundishe. Asubuhi ile ya Pasaka kulikuwa bado na giza, na macho yake yalijaa machozi. Alimwona Yesu akadhani ni mtunza bustani. Shahidi wa kwanza wa Ufufuko alianza kwa kutambua vibaya! Lakini hakukimbia na dhana yake kwenda kuitangaza. Alibaki pale. Aliuliza. Akaitwa kwa jina lake, akageuka, akamtambua. Ndipo akaenda kuwaambia mitume kwamba amemwona Bwana. Kanisa linamwita mtume wa mitume.

Basi wiki hii tufanye mazoezi matatu. Kwanza, kabla ya kusambaza habari ya mtu, jiulize: nimeona mkia, au nimeona koo tu? Pili, ukipokea habari kwa mwingine, usiidondoshe "eti" yake. Na afadhali zaidi, iishie kwako. Tatu, tafuta dakika kumi, kaa mahali penye maua, umtazame chozi mmoja bila simu. Angalia rangi zake zinavyogeuka akigeuza kichwa. Kisha mfikirie mtu mmoja uliyemhukumu, mwombee.

Tusali: Bwana Yesu, wewe uliyemwita Maria kwa jina lake, safisha macho yetu yaone, tuliza akili zetu zisikimbilie hukumu, linda vinywa vyetu viseme kile tu tulichokiona, na utupe ujasiri wa kurudisha jina jema tulilomnyang'anya jirani. Amina.

Mungu awabariki. Tuombeane.